Nyumba ya wageni kijijini Dodoma: mwongozo kamili wa kuiendesha bila kukausha maji wala kumaliza miti

Nyumba nyingi za wageni za vijijini mkoani Dodoma hukwama mwezi uleule: Septemba. Matangi yamekauka, boza halijafika, bustani iliyopandwa kwa mbwembwe wakati wa mvua imebaki vijiti, na mgeni aliyeahidiwa utulivu wa kijijini anaoga nusu ndoo huku taa zikififia saa tatu usiku. Kosa halikufanyika Septemba. Lilifanyika siku mwenye nyumba alipohesabu vyumba kabla ya kuhesabu maji.

Mfano wetu ni nyumba ya vyumba viwili, wageni wanne wasizidi, na watu wawili wanaoishi hapo siku zote: mhudumu na mlinzi. Iwe iko Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi, Chemba au Kondoa, hesabu ni ileile. Ukiwa na vyumba vinne, zidisha, kisha jiulize tena kama unavihitaji vyote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa maji: simtanki mbili nyeusi za lita 10,000, gata za kuzunguka paa lote, bomba la inchi 4 la kushusha maji, vipande viwili vya bomba la inchi 6 vya mita 2, wavu wa mbu wa chuma, saruji, nondo na kokoto za misingi ya matangi, na chujio la mishumaa ya kauri la maji ya kunywa.

Kwa choo na maji ya bafuni: masinki ya choo ya kumwaga maji kwa kopo (la kukaa moja, la kuchuchumaa moja), tofali za kujengea mashimo, mifuniko ya zege, bomba la kupumulia lenye wavu.

Kwa umeme: paneli za wati 400 hadi 450 kwa jumla, chaji kontrola ya MPPT (kidhibiti cha chaji kinachovuna nguvu nyingi zaidi ya paneli), betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100, inveta ya wati 1,000 (ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani), fyuzi, na nyaya nene. Fundi akikuletea waya mwembamba kwa sababu "utafaa tu", mrudishe dukani.

Kwa jikoni: mtungi wa gesi wa kilo 15, jiko banifu moja (linalotumia kuni chache), kikapu cha kuhifadhi joto.

Kwa karatasi: namba ya mlipakodi kutoka TRA (mamlaka ya mapato), jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), leseni kutoka halmashauri, na daftari la kuandikisha wageni. Mwone pia mtendaji wa kijiji mapema. Watu wa kijiji wakikujua kwanza, mambo mengi ya mbele hulainika. Ukitaka kuchimba kisima kirefu, kibali kinatolewa na bodi ya maji ya bonde. Mkoa wa Dodoma umegawanyika kati ya bonde la Wami/Ruvu, Bonde la Kati na Rufiji, kwa hiyo uliza halmashauri uko upande gani kabla hujalipa mchimbaji.

## Hatua ya 1: Hesabu maji, kisha vitanda

Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka. Miezi saba inayobaki ni mikavu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka.

Paa la mita za mraba 120 (nyumba, baraza na jiko la nje kwa pamoja) litakupa: 120 × 570 × 0.8, yaani lita 54,700 kwa mwaka.

Sasa upande wa matumizi. Mgeni anayeoga kwa ndoo na kutumia choo cha kopo hutumia karibu lita 55 kwa siku: 20 za kuoga, 15 za choo, 5 za kunawa, 7 za kunywa na kupikiwa, 8 za vyombo. Mgeni huyohuyo ukimpa bomba la mvua la kuogea na choo cha kuvuta atamaliza lita 150 bila kujua, kwa sababu dakika kumi chini ya bomba ni lita 80 na choo cha kizamani humwaga lita 9 kila kikivutwa.

Chukua usiku 12 wa wageni kwa mwezi:

- wageni wanne, usiku 12: lita 2,640
- shuka na taulo, vitanda 12 vya kufua kwa lita 40: lita 480
- mhudumu na mlinzi, lita 40 kila mmoja kwa siku: lita 2,400
- usafi na maji yanayopotea: lita 480

Jumla lita 6,000 kwa mwezi, lita 72,000 kwa mwaka. Mvua ya paa haitoshi peke yake. Usimwamini anayekwambia inatosha.

Miezi mitano ya mvua utatumia lita 30,000, na zinazobaki zinajaza tangi zako mbili: lita 20,000. Miezi saba ya kiangazi inataka lita 42,000. Pengo ni lita 22,000, ambazo ni kama lita 3,150 kwa mwezi, sawa na madumu 157 ya lita 20. Kwa siku ni madumu matano na kidogo. Hiyo ni safari moja ya mkokoteni wa punda hadi kituo cha maji cha kijiji. Mzigo huo kijiji kinauweza. Lakini ukiweka choo cha kuvuta na nyasi za bustani, madumu matano yanageuka thelathini, na hapo akina mama wanaopanga foleni kisimani watakuwa na haki ya kukununia.

Tahadhari: wastani ni wastani. Fanya hesabu hiyo tena kwa mwaka mbaya wa milimita 400. Utapata lita 38,400 tu, na tangi zitaishia chini ya nusu mwezi wa nne. Mwaka wa namna hiyo punguza usiku wa wageni mapema. Kumbuka pia kwamba Januari au Februari mvua hukatika kwa wiki kadhaa. Usimwage maji ya Desemba ukidhani mengine yako njiani.

Umefanikiwa hatua hii kama una karatasi moja yenye namba tatu: lita zinazoingia, lita zinazotoka, na madumu ya kununua kwa siku. Kama namba ya tatu inakutisha, punguza vitanda.

## Hatua ya 2: Vuna mvua ya paa kwa usahihi

Msingi wa tangi kwanza. Tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani kumi. Kwenye udongo mwekundu wa kichanga, chimba sentimeta 30, jaza mawe na changarawe, shindilia, kisha mwaga zege la sentimeta 15 lenye nondo kwa uwiano wa 1:2:4, upana wa mita 3 kwa 3. Limwagilie siku saba kabla ya kuliweka tangi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga usijenge kabisa: udongo huo huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na zege litafuata mipasuko hiyo. Sogeza tangi au ondoa udongo mweusi wote mpaka ufike chini kwenye ardhi isiyocheza.

Usiinue jukwaa juu kuliko inavyohitajika. Gata lazima liwe juu ya mdomo wa tangi, na nyumba nyingi za kijijini zina paa la chini. Pima kabla ya kumwaga zege.

Gata literemke sentimeta 1 kwa kila mita, na vishikio visipishane zaidi ya nusu mita. Likiwa limenyooka sawasawa, maji hutuama, mbu huzaliana, na majani ya mgunga huoza humo. Likiteremka sana, mvua kubwa huruka nje pale mwisho.

Kisha sehemu ambayo wengi huiruka: kutupa maji ya kwanza. Kwa miezi saba paa la Dodoma hukusanya vumbi jekundu, kinyesi cha ndege na cha popo. Mvua ya kwanza huosha uchafu huo wote. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa. Kila tangi likihudumiwa na mita 60, ni lita 30. Bomba la inchi 6 hubeba karibu lita 18 kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita 1.7 kinatosha. Kisimamishe wima kwenye bomba linaloshuka, kabla ya tangi, chini kikiwa na kifuniko cha kufungua kwa mkono na tundu la milimita 3. Maji machafu hujaza kipande hicho kwanza; kikijaa, yale safi hupita juu kwenda tangini. Tundu dogo hukimwaga polepole ili kiwe tayari kwa mvua inayofuata. Likiziba kwa tope, ambalo ni jambo la kila mara, fungua kifuniko na usukume maji.

Ziba mdomo wa tangi na bomba la kumwagia ziada kwa wavu wa mbu. Bomba la kutolea maji liwe sentimeta 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini.

Jinsi ya kusoma tangi bila kulifungua: saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapiga, pitisha kiganja ubavuni kuanzia juu kushuka chini. Mahali palipo na maji hapalingani na mahali patupu. Baridi na uvuguvugu huachana waziwazi. Gonga kwa vidole kuhakikisha: juu pana mlio wa ngoma, chini mlio unakufa. Weka alama ya chaki na tarehe. Mhudumu afanye hivi kila Jumatatu.

Ukianza na tangi zilizojaa mwisho wa Aprili, mwisho wa Julai unatakiwa uwe na zaidi ya nusu, mwisho wa Septemba zaidi ya robo. Ukiwa chini ya hapo, ongeza madumu au funga nafasi za Oktoba. Usisubiri.

## Hatua ya 3: Maji ya kunywa bila chupa za plastiki

Maji ya visima virefu vya kanda hii mara nyingi ni ya chumvi, na sehemu nyingine, hasa kuelekea Singida, yana floridi ya juu. Peleka sampuli kwenye maabara ya maji kabla ya kumpa mgeni. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha floridi ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floridi wala chumvi. Maji yakipungua kwa mvuke, vitu hivyo huzidi. Ndiyo maana maji ya mvua yanafaa zaidi kwa kunywa, na ya kisima kwa kufua na choo. Tenga tangi moja la mvua kwa ajili ya jikoni na chujio tu.

Pitisha maji kwenye chujio la kauri, kisha chemsha, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti. Weka kwenye jagi la glasi lenye mfuniko kila chumba. Mishumaa ya chujio isuguliwe kwa brashi laini kila wiki mbili, bila sabuni, na ikipata ufa hata mdogo itupwe: vimelea hupita kwenye ufa bila kugusa kauri. Ufa hauonekani kirahisi, kwa hiyo ulowanishe mshumaa na uutazame juani.

Mgeni akiona jagi safi na chujio mezani, chupa zinakoma zenyewe. Akiona ndoo iliyofunikwa kwa sahani, atatuma mtu dukani.

## Hatua ya 4: Choo cha mashimo mawili

Kwa kijijini usikimbilie septiki ya mjini. Siku ikijaa utahitaji gari la kunyonya majitaka, na gari hilo huenda lisifike kwako, au lifike likamwage korongoni. Mashimo mawili yanayopokezana hayahitaji gari.

Jaribu udongo kwanza. Chimba kishimo cha sentimeta 30, kijaze maji jioni, kiache usiku kucha. Asubuhi kijaze tena na upime. Maji yakishuka sentimeta 2.5 ndani ya nusu saa, udongo unanyonya vizuri. Yakichukua zaidi ya saa moja, ni mfinyanzi. Tafuta sehemu nyingine.

Chimba mashimo mawili ya upana wa mita 1.2 na kina cha mita 1.5. Jenga ukuta kwa tofali ukiacha nafasi wazi za kupitisha maji, isipokuwa sentimeta 30 za juu zilizojengwa kwa saruji. Yaachane kwa mita 1.5 au zaidi. Kisanduku cha kugawa, chenye umbo la Y, kinapeleka uchafu shimo moja huku lingine limezibwa. La kwanza likijaa baada ya miaka kadhaa, geuza njia, acha lililojaa lipumzike miaka miwili kamili, kisha kilichomo kitakuwa udongo mkavu usionuka, wa kuweka kwenye miti. Usiuweke kwenye mchicha.

Umbali kutoka kisima chochote, chako au cha jirani, usipungue mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Tako la shimo libaki mita 2 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Kandokando ya mbuga za Bahi sharti hili ni gumu kutimiza, na hapo choo cha juu ya ardhi kinachotenganisha mkojo ndicho jibu.

Kinachoharibu: dawa kali za kuua vijidudu zinazomwagwa kila asubuhi. Zinaua pia vijidudu vinavyoozesha uchafu, na harufu inaanza. Tumia sabuni ya kawaida na brashi. Pedi na vifuta vya kulowa visiingie kabisa. Weka kindoo chenye mfuniko karibu na sinki la choo, mgeni asilazimike kuuliza.

## Hatua ya 5: Maji ya bafuni yaende kwenye mti

Usiyachanganye na ya choo. Peleka maji ya kuoga kwa bomba la inchi 2 hadi kwenye shimo la upana wa mita 1 na kina cha sentimeta 60, lililojazwa mabua, majani makavu na vijiti. Panda mipapai au migomba pembeni mwa shimo. Majani yanachuja sabuni na kuzuia mbu. Uwe na mashimo mawili na uhamishe bomba kila wiki.

Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye ndoo yenye nyasi kavu inayokamata mafuta. Nyasi zibadilishwe kila siku tatu. Sabuni iwe ya kipande. Ya unga ina chumvi nyingi inayofanya udongo wetu ugande kama sakafu, na ukimwagilia maji ya kisima cha chumvi juu yake, mti unakufa ukiwa na maji miguuni. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, acha mara moja na usubiri mvua iuoshe.

Maji haya yasihifadhiwe kwenye pipa. Siku ya pili tayari yananuka.

## Hatua ya 6: Umeme wa jua unaofika asubuhi

Orodhesha kila kifaa kwa wati na saa:

- taa 8 za LED za wati 7, saa 5: 280
- simu sita: 60
- kompyuta mpakato mbili: 100
- friji ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) ya lita 100: 450
- pampu ndogo ya wati 250, saa moja na nusu mchana: 375

Jumla ni wati-saa 1,265 kwa siku. Jua la Dodoma hutoa karibu saa 5 za nguvu kamili, na mfumo hupoteza karibu sehemu ya tatu kwa joto, vumbi na nyaya. Zinabaki kama saa 3.5. Gawanya 1,265 kwa 3.5 upate wati 361. Ndiyo maana tunasema 400 hadi 450.

Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, ambayo volti yake halisi ni 12.8, hubeba wati-saa 1,280, tumia 1,000. Usiku, bila pampu, unahitaji karibu 700. Ukichagua betri ya asidi au ya jeli, nunua ampea-saa 200, maana ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara itakufa mapema.

Paneli ielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Ukiilaza kabisa itazalisha, ila vumbi halitateleza. Kuanzia Juni hadi Novemba, upepo unapovuma kila siku, ifute mara moja kwa wiki kwa kitambaa laini na maji kidogo, alfajiri kabla kioo hakijapata moto. Maji baridi juu ya kioo cha saa saba mchana yanaweza kukipasua.

Waya kati ya betri na inveta: wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea zaidi ya 80. Tumia waya wa milimita za mraba 25, usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na betri. Waya mwembamba hupata moto, inveta hulia, na mwenye nyumba hulaumu betri.

Birika la umeme, pasi na kikaushia nywele ndivyo viuaji. Kila kimoja kinavuta wati 1,000 hadi 2,000. Ziba soketi za vyumbani kwa kuweka za USB na moja tu ya kompyuta. Kanuni ukutani haizuii kitu. Soketi isiyokuwepo inazuia.

Kama umeme wa gridi umefika kijijini kwako, unganisha, na ubakize sola ndogo ya taa na pampu. Hakuna sifa ya kununua betri kubwa ukiwa umesimama chini ya nguzo.

Dalili ya mafanikio: saa kumi na mbili asubuhi, wageni wakiwa wamelala na friji inanguruma, betri inasoma asilimia 30 au zaidi.

## Hatua ya 7: Jikoni bila mkaa

Gesi kwa chai na mboga. Jiko banifu kwa maji ya kuoga jioni, likitumia kuni za matawi ya kupogoa, sio magogo. Maharage yaloweke usiku, yachemshe dakika 20, kisha sufuria iingie kwenye kikapu chenye matambara mazito na ifunikwe. Saa tatu baadaye yameiva. Pipa jeusi la lita 100 juu ya banda, likipigwa na jua mchana kutwa, linapunguza kuni kwa kiasi kikubwa, isipokuwa Juni na Julai upepo unapolipoza kabla ya magharibi. Lizungushie bati upande wa upepo.

Pikia chakula cha hapo: ugali wa uwele na mlenda, kuku wa kienyeji, karanga, mafuta ya alizeti, ukwaju, ubuyu, asali. Zabibu huvunwa mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Nunua shambani, si mjini zilikopitia.

## Hatua ya 8: Taka na ardhi

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo mhudumu aende sokoni na kikapu. Taka za jikoni ziende shimoni, sio lundoni: kwa ukavu wa hapa lundo la juu hukauka badala ya kuoza. Shimo la mita moja kwa moja, kivulini, tabaka mbili za majani makavu kwa moja ya mabaki mabichi, ndoo ya maji ya vyombo kila wiki. Chupa na makopo yakusanywe kwenye gunia mpaka yajae, yapelekwe kwa wanunuzi wa chakavu mjini. Plastiki isichomwe.

Kwenye eneo, usipande nyasi. Tafuta visiki. Shamba lililofyekwa la Dodoma bado lina mizizi hai ya migunga na mingineyo inayochipua kila mvua, na mbuzi huila. Njia inayojulikana kama kisiki hai ni hii: kwenye kila kisiki chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, kata mengine, pogoa matawi ya nusu ya chini, funga kitambaa chekundu ili mchungaji aone mti huu una mwenyewe. Rudia kupogoa kila baada ya miezi michache. Mti huo hauhitaji kumwagiliwa kwa sababu mizizi yake iko chini tayari, wakati mche wa kitalu utakunywa madumu yako yote.

Penye ardhi tupu na ngumu, chimba makinga maji ya nusu mwezi: upana mita 4, kina sentimeta 30, mdomo ukitazama juu ya mteremko, udongo ukirundikwa upande wa chini. Yachimbwe kabla ya Novemba. Zungumza na wafugaji mapema, na uache njia ya mifugo wazi. Ua wa miiba unaoziba njia ya ng'ombe hautamaliza wiki.

Mbao zisigusane na ardhi popote. Mchwa watazifikia.

## Hatua ya 9: Mwandae mgeni kabla hajafika

Ujumbe huu, ukitumwa siku mbili kabla, unaondoa malalamiko mengi:

"Karibuni sana. Maji yetu ni ya mvua na ya kituo cha kijiji, kwa hiyo mtaoga kwa ndoo. Ya moto yapo jioni. Maji ya kunywa yapo chumbani, msinunue ya chupa. Umeme ni wa jua: simu na kompyuta hakuna shida, pasi na kikaushia nywele viacheni nyumbani. Juni na Julai usiku ni baridi, njooni na sweta. Mkija kwa treni, tuambieni saa ya kufika Dodoma tupange gari moja kwa wote."

Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, imefanya gari moja la kupokea wageni liwe jambo rahisi. Wanaokwenda kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, waanzie ofisi ya mambo ya kale Kolo wachukue kibali na mwongozaji, na waambiwe mapema: michoro haiguswi wala hainyunyiziwi maji ili ing'ae pichani.

Kikundi cha ngoma na zeze kikija jioni, kilipwe bei iliyokubaliwa mchana, mkononi mwa kikundi, mbele ya wote. Soda si malipo.

## Hatua ya 10: Funga wiki moja Oktoba

Usipokee wageni wiki hiyo. Matangi yakiwa karibu matupu ndiyo nafasi pekee ya kuyasafisha: fungua koki, sugua kwa brashi na maji ya klorini, suuza, mwaga tope kwenye shimo la mpapai. Mtu asiingie tangini peke yake. Mwingine abaki mdomoni akizungumza naye.

Panda paani asubuhi. Fagia vumbi, kagua misumari, toa viota kwenye gata, mwaga ndoo moja upande wa juu na utazame maji yanakokwenda. Yakisimama mahali, kaza kishikio hapo. Fungua kipande cha inchi 6, toa tope la mwaka, pitisha msumari kwenye tundu la milimita 3, badilisha wavu uliotoboka. Kisha funga kifuniko kwa mkono tu, bila spana, maana mvua ya kwanza huja usiku na mhudumu atakifungua gizani.